Kufufua katapila la zamani: anzia miguuni

Katapila langu ni Caterpillar D4, toleo la 7U, aina iliyotengenezwa Marekani kuanzia 1947 hadi 1959. Nililikuta nyuma ya karakana ya shamba moja la mkonge upande wa Muheza, limemezwa na nyasi hadi usawa wa rola, yale magurudumu madogo yanayolibeba juu ya cheni, na mwarobaini umeota katikati ya cheni ya kushoto ukawa mnene kama paja la mtu mzima. Siku hiyo vijana wa vyuma chakavu walikuwa wameshafika na mitungi yao ya gesi, wanapima kwa macho waanze kukata wapi. Nikawaomba, "Wanangu, subirini kwanza niongee na mwenye mali." Mwenye mali nilimlipa bei ileile ya kilo aliyoahidiwa, na wale vijana nikawapa nauli ya kurudi mjini.

Lilinichukua miaka 3 mpaka likatembea lenyewe. Leo lipo kwangu Pongwe. Linang'oa visiki vya mkonge uliokwisha kutoa mlingoti, linachonga njia za mashambani masika ikipita, na wiki mbili zilizopita limetoa lori la matofali lililozama hadi ekseli. Ninaandika haya kwa ajili ya mtu aliyelikuta lake au atakayelikuta, maana bado yapo, nyuma ya korona (viwanda vya kuchakata mkonge) zilizofungwa na kwenye mashamba yaliyogawiwa watu. Yakikatwa ndiyo yamekwisha, hakuna anayeyatengeneza tena.

Lala chini kabla hujatoa hela

Kila anayeliona huuliza injini inawaka au haiwaki. Mimi nikiitwa kuangalia katapila la mtu, injini naiacha ya mwisho. Fundi mkuu aliyenifundisha kazi, enzi zile mashamba yakiwa chini ya Mamlaka ya Mkonge, hakufungua boneti kabla hajatandika gunia na kulala chali ubavuni mwa cheni, tochi mkononi, nusu saa nzima. Akiinuka alikuwa ameshajua mashine ile itakula kiasi gani.

Sababu yake ni hii: kwenye mashine ya minyororo, karibu nusu ya fedha ya matengenezo huishia chini. Injini ya D4 ni silinda 4 tu, fundi wa dizeli aliyezoea matrekta ataielewa. Lakini cheni, sproketi yaani gurudumu la meno linaloisukuma cheni, rola, na lile gurudumu la mbele lisilo na meno tunaloliita aidla, hivyo ndivyo vinavyoamua kama umenunua katapila au umenunua mzigo wa chuma.

Watu husema cheni imevutika. Chuma kile hakivutiki. Kila pingili imeungana na mwenzake kwa pini iliyopita ndani ya bushi, yaani bomba fupi la chuma, na cheni hizi za zamani ni kavu, hazina oili ndani. Mchanga unaingia, pini inajisaga ndani ya bushi, kila kiungo kinapata uwazi mdogo. Uwazi huo ukijumlisha kwenye cheni nzima, unaona imekuwa ndefu kwa kiganja kizima na skrubu ya kukazia imefika mwisho. Wakati huohuo bushi kwa nje inaliwa na meno ya sproketi, lakini upande mmoja tu.

Hapo tumia vidole kuliko macho. Futa matope, piga brashi ya waya, halafu pitisha kidole kuzunguka bushi. Upande mzima utausikia umejikunja kama chupa. Upande ulioliwa utausikia bapa, na kwenye ukingo wa ubapa kuna kijimgongo kinachokwaruza ngozi. Kijimgongo kikiwa kidogo, cheni hiyo bado ina maisha. Ikiwa bushi imepasuka kwa urefu, au unaiona pini ndani yake, usijidanganye.

Kisha pima. Chagua pingili 4 zilizo mbali na pini kuu, yaani ile ya kufungulia cheni, ambayo kichwa chake kinatofautiana na za wenzake. Ivute cheni kwa mnyororo wa kuinulia mpaka ikaze kabisa, upime kutoka ukingo wa pini ya kwanza hadi ukingo uleule wa pini ya 5, ugawanye kwa 4. Linganisha na kipimo cha cheni mpya kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Usipime cheni iliyolegea, utapata namba ya kukufurahisha bure.

Meno ya sproketi nayo yasome. Jino zima lina pande mbili zinazofanana. Lililoliwa limechongoka na kuinama kama ndoana. Rola zishike moja moja uzitikise kwa mtaimbo: ikicheza juu na chini, bushi zake za ndani zimekwisha. Ikivuja oili, sili, yaani kizibo kinachozuia oili isitoke, imekufa. Aidla nayo iangalie ukingo wa katikati, na vibao vinavyoiongoza isiyumbe.

Kugeuza pini na bushi

Hili ndilo lililookoa katapila langu, na mafundi wengi wa sasa hawalifahamu kwa sababu hawajakulia kwenye karakana za mashamba. Kwa kuwa pini na bushi huliwa upande mmoja, upande wa pili bado ni mpya. Cheni nzima inafunguliwa, pini na bushi zinatolewa, zinageuzwa nusu duara, zinarudishwa. Cheni inarudi kuwa fupi na sproketi inakutana na chuma kizima. Hufanywa mara moja tu katika maisha ya cheni, na lazima ifanywe kabla bushi haijapasuka. Ukisubiri zaidi, hakuna cha kugeuza.

Kazi yenyewe inataka presi, maana pini zimeingia kwa nguvu za tani nyingi. Usikubali fundi azipashe pingili moto wa gesi ili zilegee. Pini, bushi na pingili zimepikwa kiwandani ngozi yake iwe ngumu, na moto unaondoa ugumu huo. Zitarudi vizuri, zitapendeza, na baada ya miezi michache zitakuwa zimeliwa kama muwa.

Mimi niliumia kwenye jambo linalofanana na hilo. Pini 6 zangu zilikuwa zimekatika, nikaletewa "mpya" na muuzaji mmoja, zinang'aa, zimefungwa kwenye karatasi ya oili. Zilikuwa zimekerezwa kutoka kwenye shafti ya kawaida, laini. Msimu mmoja wa kilimo haukuisha. Tangu hapo natembea na tupa mfukoni. Kabla ya kulipa, pitisha tupa kwenye pini: ikiteleza bila kushika, kama unapiga kioo, pini imepikwa. Ikishika na kutoa unga, irudishe hapohapo dukani.

Kosa jingine lilikuwa langu mwenyewe. Nilipata sproketi mpya kabisa ya upande wa kulia, nikaifunga wakati cheni bado haijageuzwa. Meno mapya yalikuwa na nafasi sahihi, cheni ilikuwa imerefuka, basi kila bushi ilikuwa inapanda juu ya jino badala ya kukaa kwenye bonde. Mlio wake ni wa kukatakata, tak, tak, tak, kila jino. Nilidhani vinazoeana. Kufikia mavuno ya mahindi yale meno yalikuwa yameshachongoka. Cheni na sproketi ni mume na mke, vibadilishe pamoja au viache vizeeke pamoja.

Kufungua cheni, na springi inayoua

Kufungua cheni, sogeza mashine mpaka pini kuu ije mbele, juu kidogo ya katikati ya aidla, uweke gogo chini ya kiatu cha cheni, lile bamba linalokanyaga ardhi, ili isishuke kwa kishindo. Legeza skrubu ya kukazia. Pini kuu itoke kwa nyundo kubwa, lakini usigonge chuma kigumu kwa nyundo moja kwa moja. Weka kipande cha chuma laini katikati, uvae miwani. Kipande kidogo kikiruka kutoka kwenye chuma kilichopikwa kinakwenda kama risasi. Na mtu yeyote asisimame mbele ya aidla, hata wa kushika taa. Cheni ikiachia inalala mbele yote kwa mpigo.

Nyuma ya aidla, ndani ya fremu, kuna springi nene iliyobanwa. Kazi yake ni kuruhusu aidla irudi nyuma jiwe likiingia kwenye cheni. Springi hiyo imebanwa hata kama mashine imelala miaka 30, na kutu haijaipunguzia nguvu. Bolti ndefu inayoishikilia usiiguse. Usiikate kwa gesi, usiilegeze "kidogo uone". Watu wamekufa kwa springi hizi duniani kote. Ikibidi itoke, inatolewa kwenye presi yenye kizuizi, na mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo. Katika maandishi yangu yote haya, kama utashika jambo moja, naomba liwe hili.

Baada ya kurudisha, kaza kwa kiasi. Lazia ubao mnyoofu juu ya cheni kutoka aidla hadi rola ya juu, upime uwazi wa katikati kati ya ubao na cheni: sentimita 3 hadi 4 inatosha. Cheni iliyokazwa kama kamba ya ngoma inakula pini, sproketi na dizeli kwa pamoja. Tena pima ikiwa na matope ya kazini, kwa sababu udongo ukijaa kwenye meno cheni hujikaza yenyewe. Wakati wa masika mimi nalegeza kidogo zaidi.

Rola za zamani hazitaki grisi nyepesi ya baraza la kuoshea magari, wala grisi yoyote ngumu. Zinataka oili nzito ya gia, inayosukumwa kwa bomba la mkono kupitia tundu la shafti. Grisi inakaa mlangoni, haifiki kwenye bushi, na wewe unalala usingizi ukidhani umelainisha.

Adui wa huku kwetu

Vitabu vya mashine hizi vilivyoandikwa ugenini vina kurasa nyingi za baridi na maji kuganda. Huku Tanga adui ni wengine.

Wa kwanza ni singa za mkonge. Katapila likipita kwenye shamba lililokatwa, au jirani na takataka za korona, nyuzi zinajisokota kwenye shingo ya rola, kati ya rola na fremu. Hutaziona, zimefunikwa na matope. Zinajikaza mzunguko kwa mzunguko hadi zinaingia chini ya sili na kuikata. Oili inatoka, mchanga unaingia, rola imekwisha. Nimewahi kufungua rola nikakuta kamba imara ya unene wa kidole, imejisokota yenyewe, ungeweza kufungia ng'ombe. Dawa ni ndoana ya waya mgumu na kisu cha zamani cha mkonge, kila jioni kabla matope hayajakauka, rola moja baada ya nyingine. Dakika 20. Maji ya mkonge nayo ni tindikali. Yakikauka kwenye chuma yanakula rangi na kisha chuma. Osha kwa maji mengi siku hiyohiyo.

Wa pili ni chumvi. Upepo wa kusi unaifikisha mbali kuliko watu wanavyodhani. Hata hapa Pongwe, bolti iliyoachwa bila oili inapata kutu ya rangi ya chungwa kwa wiki. Na maji ya visima vya karibu na pwani usiyatie kwenye rejeta. Mimi nina pipa chini ya bati la jikoni, nakinga mvua ya masika na ya vuli, natia humo dawa ya kuzuia kutu. Injini hizi zikizibwa na magadi kwenye njia za maji, silinda ya nyuma inapata joto na kichwa kinapasuka.

Wa tatu ni mchanga. Mwaka 1947 Waingereza walipoanza mradi wa karanga pale Kongwa, walileta matrekta ya minyororo kwa mamia, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa. Udongo wa kule una mchanga mkali na kiangazi unakuwa mgumu kama saruji. Ulisaga vyuma kupita hesabu zao zote, na 1951 mradi ukafungwa. Nawasimulia vijana hili wakiniambia mashine za zamani hazivunjiki. Zilivunjika, na zilivunjikia chini.

Injini, na ile ndogo inayoiamsha

Injini kubwa ikiwa imelala muda mrefu, usijaribu kuizungusha kwa nguvu. Kwanza fungua nati ya oili chini. Maji ni mazito kuliko oili, yatatangulia kutoka, na wingi wake utakuambia ya ndani. Toa nozeli, mimina ndani ya kila silinda mchanganyiko wa dizeli na oili ya giaboksi otomatiki, acha wiki. Ongeza. Yangu ilikaa siku 19 kabla haijasogea, na iliposogea ilikuwa upana wa kucha tu. Tuliirudisha nyuma, tukaisogeza tena, mbele na nyuma siku nzima, hadi ikazunguka. Angalia valvu zote zinapanda na kushuka kabla hujairuhusu izunguke kamili, maana iliyoganda itapindisha fito zake.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni reki ya pampu ya dizeli, kile chuma kinachoteleza kupima mafuta yanayoingia. Ikiganda kwa kutu au gundi kwenye nafasi ya mafuta mengi, injini ikiwaka itapanda mbio bila kuzimika mpaka ijivunje. Hakikisha reki inateleza kwa kidole. Na siku ya kwanza ya kuwasha, mtu mmoja asimame na ubao bapa kwenye mdomo wa kuingiza hewa, tayari kuuziba. Kijana wangu alisimama hapo dakika 40, na tulishukuru hatukumhitaji.

Chujio la hewa ni la beseni la oili. Litoe, lioshe kwa dizeli, weka oili mpya hadi alama, usipitishe alama. Kwenye vumbi la kiangazi naliangalia kila siku.

Sasa ile injini ndogo. D4 hizi haziwashwi kwa betri kubwa. Zina injini ya petroli ya silinda 2 ubavuni, na yenyewe ndiyo inayoizungusha ile ya dizeli. Yangu inavutwa kwa kamba, na kamba hiyo ni ya mkonge, nimeisokota mwenyewe. Zungusha kamba kwenye gurudumu, shika ncha kwa vidole, usiizungushie mkononi hata siku moja. Injini ikirudisha mpigo, kamba lazima itoke mkononi yenyewe, la sivyo itakuvunja kifundo.

Mwendo wake wa kuwasha ni huu. Achia kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa kwenye silinda, ya injini kubwa kwa wenzo wake. Fungua petroli, ziba hewa, vuta. Injini ndogo ikishika, iache ipumue dakika mbili tatu, kisha ingiza gia yake na uachie klachi taratibu. Utaona injini kubwa inaanza kuzunguka bila kulipuka, na moshi wa moto wa ile ndogo unapasha njia ya hewa ya mwenzake. Usiwe na haraka hapa. Tazama geji ya oili. Sindano ikiinuka, ndipo urudishe kompresheni. Sauti ya ile ndogo itazama, itakuwa nzito kama mtu anayepanda mlima na gunia. Ikijikaza na kurudi juu, fungua dizeli. Kwanza moshi mweupe, kisha mpigo mmoja mmoja, kisha zote 4.

Kuzima ile ndogo, funga bomba la petroli uiache imalize yenyewe iliyo kwenye kabureta. Usiizime kwa swichi ukaondoka. Sindano ya kabureta ya miaka 70 haifungi vizuri, petroli itachuruzika usiku kucha hadi kwenye oili ya injini ile, na kesho yake unavuta kamba juu ya bomu. Kila asubuhi mimi nachomoa kijiti cha oili ya injini ndogo na kukinusa kabla ya jambo lolote. Kikinuka petroli, oili inamwagwa.

Klachi za kona

Katapila halina usukani. Lina wenzo mbili na pedali mbili za breki. Kila wenzo unakata nguvu ya cheni ya upande wake. Klachi hizi ni kavu, na mashine iliyolala muda mrefu utakuta sahani zimegandana, unavuta wenzo na cheni haiachii. Usikimbilie kuzifungua. Funga wenzo nyuma kwa kamba siku kadhaa, halafu ukishaweza kuwasha, tembea gia ya kwanza ukivuta wenzo na kukanyaga breki ya upande huo. Zangu ziliachia siku ya pili, kwa mlio kama wa bati kupasuka.

Zikiwa zinateleza kwa sababu oili imevuja ndani, zinaoshwa. Kuna nati ya kumwagia chini ya chumba chake. Mimina mafuta ya taa, endesha dakika chache bila kugusa wenzo, kisha dakika chache ukizivuta, mwaga yote, acha pakauke kabisa. Fanya asubuhi, injini ikiwa baridi, mbali na moto na sigara. Halafu tafuta sili iliyovujisha, la sivyo utaosha kila mwezi.

Kwa dereva mpya nasisitiza hili: kwenye mteremko mkali, mzigo unapokusukuma, wenzo hufanya kinyume. Ukivuta wa kushoto, cheni ya kushoto inakuwa huru na kukimbia, huku ya kulia ikishikwa na injini, mashine inakwenda kulia. Fundisha hili kwenye mteremko mdogo, mchana, si siku ya kwanza kwenye kilima cha Amani.

Theluji

Mpwa wangu, anayenisaidia jioni, aliniuliza siku moja tukiwa tunachokonoa rola, "Mjomba, kwani haya yalitengenezewa matope tu?"

Nikamwambia tupime. Kiatu cha cheni yangu kina upana wa sentimita 40, na sehemu inayogusa ardhi ina urefu wa sentimita 155. Mara mbili. Uzito ni tani 5 hivi. Tulipogawanya tukapata pungufu ya nusu kilo kwa kila sentimita ya mraba. Mtu wa kilo 70 akisimama kwa mguu mmoja anakandamiza zaidi ya hapo. Basi panapobeba mtu bila kuzama, hata tope, hata mchanga wa Mwambani, hata theluji iliyoshikana, mara nyingi panalibeba katapila.

Nikamsimulia safari ya Antaktika. Mwingereza Vivian Fuchs alivuka bara lile la barafu kwa magari ya Sno-Cat yenye minyororo, kuanzia Novemba 1957 hadi Machi 1958, siku 99. Upande wa pili Edmund Hillary alikuja kumpokea, akafika Ncha ya Kusini tarehe 4 Januari 1958 na trekta 3 za Ferguson zilizovalishwa minyororo. Ferguson zilezile ndogo ambazo wazee wa huku wamelimia. Mpwa wangu aliacha ndoana chini. Babu yake aliendesha Ferguson ya kijivu.

Rangi, na kulilaza

Rangi ndiyo ya mwisho, na watu wanaanza nayo. Makatapila ya Caterpillar yalikuwa ya kijivu hadi 1931, ndipo yakawa ya njano. Langu lilikuwa na mabaka ya njano ya zamani chini ya kutu, na namba ya shamba iliyochorwa kwa mkono kwenye tanki. Nilisugua kwa brashi ya waya, nikapaka rangi ya kuzuia kutu mahali palipo wazi, na namba ile nikaizungushia utepe isiguswe. Sehemu za pini, uso wa rola na meno ya sproketi usipake rangi. Oili chafu inatosha.

Likilala, lisilale juu ya udongo. Mimi nimelaza mbao nene za mkorosho chini ya kila cheni, maana udongo unanyonya unyevu na kuganda kwenye bushi. Mdomo wa bomba la moshi naufunika kwa kopo, kwa ajili ya mvua na nyigu. Tanki la dizeli linajazwa, kwa sababu tanki tupu kwenye joto hili la pwani linatoa jasho ndani usiku, na jasho hilo linakwenda kwenye pampu. Kabla ya kuwasha, nafungua kibomba cha chini ya tanki na kumwaga kikombe kimoja kwenye chupa ya glasi, naiinua kwenye mwanga. Maji yakionekana chini, naendelea kumwaga.

Na kila Jumamosi ya pili, baada ya sala ya alasiri, mpwa wangu anakuja na kamba ya mkonge begani. Ananusa kijiti, anavuta, tunasubiri sindano. Katapila linakwenda mbele mita 10, linarudi mita 10, klachi ya kushoto, klachi ya kulia, breki zote mbili. Wiki hii rola ya tatu ya kulia ilikuwa imeloa oili kidogo ukingoni, kwa hiyo Jumatatu tunaishusha.